Vyungu 60 kwenye baraza moja: kulea maua mengi Nakuru bila kuyaua

Karibu kila Jumamosi kuna mtu anayesimama langoni kwetu Kiamunyi, anachungulia baraza, halafu anauliza maswali yale yale matatu. Unamwagilia mara ngapi kwa wiki? Udongo unautoa wapi? Na mbona ua langu linakauka ncha za majani ilhali nalimwagilia kila siku? Nimeyajibu hadi mtoto wangu anaweza kuyajibu akiwa ndani, macho kwenye runinga. Basi nimeyaandika. Ukija langoni chai utapata, lakini majibu yako hapa.

Baraza langu lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 5. Juzi nilihesabu vyungu 63, mbali na mikebe miwili ya vipandikizi ambavyo bado vinafikiria kama vitaishi. Ni vingi mno, najua, na sikuambii uanze navyo hivyo. Ninachotaka ni ujue namna ya kuwa na vingi bila kugeuza baraza kuwa makaburi ya maua, maana hilo nimeshalifanya.

Haya ni ya Nakuru na viunga vyake: Lanet, Naka, Milimani, Section 58, Bahati, Njoro. Tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai hapa ni wa sweta, na Januari ni jua na vumbi. Aliye Kisumu atapata mengi ya kumfaa, ila ajue vyungu vyake vitakauka haraka kuliko vyangu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Vyombo: vyungu vya udongo, vya plastiki, ndoo za rangi za lita 20, mikebe, hata sufuria iliyotoboka.
- Msumari mrefu na jiko la makaa la kuuchomea.
- Karai la kuchanganyia udongo na gorogoro la kupimia.
- Udongo wa juu wa shamba, samadi iliyooza kabisa, na vijiwe vyepesi vya volkano au mchanga mkubwa wa mto.
- Mtungi wa lita 5 wa mafuta ya kupikia, na kifuniko chake.
- Pipa au ndoo kubwa za kukingia mvua.
- Vipande vya matofali au mbao.
- Mkasi unaokata kweli.
- Chaki.

Huoni dawa za kung'arisha majani wala vyungu vya bei ya mbuzi. Hivyo vitakuja vyenyewe pesa ikikuzidi.

Hatua ya 1: Hesabu maji kabla ya kuhesabu vyungu

Watu huanza na ua. Wameliona kwenye nasari ya kando ya barabara, wamelipenda, wamepanda matatu nalo mapajani. Wiki inayofuata lingine. Ikifika mwezi wa sita mtu ana vyungu 40 na mfereji unaotoa maji Jumanne na Ijumaa pekee.

Chungu cha wastani, tuseme cha lita 5 hadi 8, kikiwa juani wakati wa kiangazi hunywa kama lita 1 kila unapokimwagilia. Kwa mara 3 kwa wiki, vyungu 60 vinataka lita 180. Hiyo ni mitungi 9 ya lita 20, kila wiki, na bado hujapika wala hujaoga.

Kwa hiyo chukua lita unazoweza kutenga kwa wiki bila ugomvi nyumbani, ugawe kwa 3. Ukiweza kutenga mitungi 3, yaani lita 60, mwisho wako ni vyungu 20. Hesabu hiyo ifanye kwa maji ya Januari. Mei kila mtu ni mkulima hodari, mvua inamfanyia kazi.

Kuna njia za kuiongeza hesabu hiyo. Maji ya kuoshea mchele na sukuma wiki yanafaa kabisa. Maji ya mwisho ya kusuuza nguo yanafaa kama hukutia dawa ya kung'arisha. Maji yaliyochemshiwa chakula chenye chumvi, mwaga kwingine. Na usidharau paa: kila milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kipande cha paa cha mita 20 za mraba na mvua ya milimita 10 ni karibu lita 200, ukitoa zinazopotea kwenye mfereji wa paa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kinga inayofuata.

Hatua ya 2: Fuata jua kwa chaki

Usimuulize mtu kama baraza lako lina jua. Chora mwenyewe. Siku isiyo na mawingu, saa tatu asubuhi, chora kwa chaki mstari pale jua linapokomea sakafuni. Rudia saa sita na saa tisa. Kwa siku moja utajua pembe ipi ina jua kwa muda wa saa sita na ipi haina hata la dakika kumi.

Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, rudia baada ya miezi sita. Nakuru iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana huegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Baraza linalotazama kaskazini huwa kivuli kitupu Desemba, kisha Juni jua linaingia ndani na kulala sakafuni. Langu linatazama kaskazini. Nilihamia nyumba hii mwezi wa Desemba, nikapanga ferni zote mbele kwa kuwa palikuwa na kivuli kizuri, na kufikia Juni zilikuwa zimekauka kama majani ya chai. Nilimlaumu aliyeniuzia. Hakuwa na kosa lolote.

Jua la asubuhi, la mashariki, ni pole. Karibu kila ua hulivumilia. La alasiri, la magharibi, huunguza. Jeraniamu, bogenvilia, waridi na rosemari weka kwenye jua. Ferni, begonia, drasena (ile yenye majani marefu juu ya shina kama kijiti), sansevieria (yenye majani yaliyosimama kama panga) na ule mmea wa buibui wenye majani marefu yenye mstari mweupe, weka kwenye kivuli chenye mwanga. Sansevieria itakaa popote utakapoiweka. Ndiyo ninayompa mtu anayeniambia yeye ana mkono mbaya.

Hatua ya 3: Toboa vyombo

Choma msumari kwenye makaa hadi uwe mwekundu, ushike kwa koleo, utoboe chini ya ndoo matundu 5 au 6 ya upana wa kidole kidogo. Fanyia nje, moshi wa plastiki si wa kuvutwa. Ndoo iliyokuwa na rangi iparure na kuiosha kwanza.

Tundu lizibe kwa kipande cha wavu au kigae kilichopinda, ili udongo usitoke. Basi. Usijaze mawe chini ya chungu. Najua mama yako alifanya hivyo na wangu pia. Lakini maji hayatiririki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe mpaka udongo ushibe kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kuisogeza ile tope karibu zaidi na mizizi na kupunguza nafasi ya udongo. Jaza udongo mzuri toka chini hadi juu.

Vyungu vya udongo wa mfinyanzi hupumua, na kwa sababu hiyo hukauka haraka kuliko plastiki. Usivichanganye na vya plastiki kwenye safu moja halafu uvimwagilie sawasawa. Vyungu vipya vya saruji viloweke siku kadhaa, ukibadilisha maji, kabla ya kupanda. Saruji mbichi ina chokaa inayochoma mizizi.

Kwa wanaokaa ghorofani: ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa inaweza kufika kilo 30. Kumi zikipangwa kwenye ukingo wa roshani ni kilo 300. Muulize mwenye nyumba kwanza, na vizito viweke karibu na ukuta, si ukingoni. Chungu kinachoning'inia juu ya njia ya watu ni kesi inayosubiri upepo.

Hatua ya 4: Changanya udongo

Hapa Nakuru tuna bahati ambayo wengine wanainunua. Ardhi yetu imetokana na volkano, na vile vijiwe vyepesi vya kijivu vilivyojaa vitundu, ambavyo ukivitupa kwenye ndoo ya maji vinaelea, vinapatikana bila taabu. Vinapitisha maji na hewa, na kwenye vile vitundu vinabaki na unyevu kidogo. Vichekeche, chukua vyenye ukubwa wa punje ya mahindi au ya harage, unga wake utupe shambani.

Upande wa pili wa bahati hiyo ni kwamba udongo wetu wenyewe, ule wa majivumajivu, haushiki maji wala chakula kwa muda mrefu. Kwa hiyo samadi si mapambo, ni lazima.

Kipimo changu, kwa gorogoro, ndani ya karai:

- gorogoro 2 za udongo wa juu,
- gorogoro 1 ya samadi ya ng'ombe au mboji,
- gorogoro 1 ya vijiwe vya volkano.

Kwa aloe na mimea mingine ya majani manene, ongeza vijiwe hadi gorogoro 2. Kwa ferni, ongeza mboji. Kama kwenu udongo ni mweusi, mzito, wa kupasuka wakati wa kiangazi, usiutumie peke yake hata kidogo. Utageuka tofali ndani ya chungu.

Tia maji kidogo, uchanganye kwa mikono. Ukamate konzi moja, uikamue. Ikitoa maji, umezidisha. Ikishikana kisha ukaigusa kwa kidole ikavunjika, hapo ndipo.

Onyo la samadi. Samadi mbichi inaua. Niliwahi kuchota kwenye boma la jirani, ilionekana kavu kwa juu, nikapandia vyungu 11 kwa siku moja nikijisifu. Ndani ya wiki mbili majani yalikunjamana na kuwa rangi ya kahawia kuanzia pembeni. Nilipochimbua, mizizi ilikuwa laini kama tambi zilizopitiliza jikoni. Samadi iache ioze angalau miezi 3. Utaijua: hainuki, haina joto ukitia mkono katikati ya lundo, na huwezi kutambua nyasi aliyokula ng'ombe. Ya kuku ni kali zaidi. Hata ikioza vizuri, tumia robo tu ya kiasi hicho.

Hatua ya 5: Panda

Mwagilia mche kabla ya kuutoa kwenye mfuko wake. Pasua mfuko, usiuvute mche kwa shina. Kama mizizi imejizungusha kama kata ya kubebea mtungi, ichambue kwa vidole au uikate mahali pawili patatu kwa mkasi. Panda kwa kina kile kile ulichokuwa nacho, acha nafasi ya vidole viwili juu ili maji yapate pa kusimama, shindilia kidogo, mwagilia mpaka yatoke chini. Uweke kivulini wiki nzima, hata kama ni wa jua.

Usiuhamishe mche mdogo kwenye ndoo ya lita 20 ukidhani unauonea huruma. Udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji mpaka unaoza. Panda ngazi kidogo kidogo: chungu kipya kizidi cha zamani kwa vidole viwili au vitatu vya upana.

Hatua ya 6: Panga kwa kiu, si kwa rangi

Hili ndilo lililoniokoa. Zamani nilipanga kwa uzuri: jeraniamu nyekundu kando ya ferni, aloe katikati. Picha zilitoka vizuri. Kila asubuhi nilisimama na mtungi nikijiuliza nani alikunywa jana.

Sasa nina safu tatu. Ya mbele, juani, ni ya walevi wa maji: waridi, minti, dania. Ya katikati ni ya wanaokunywa kiasi. Ya nyuma, ukutani, ni ya ngamia: aloe, sansevieria, mimea ya majani manene. Asubuhi ya haraka namwagilia safu moja na kwenda kazini.

Kila chungu kiinue juu ya vipande viwili vya tofali au mbao. Maji yatoke chini, hewa ipite, na sakafu ipone. Acha njia ya kupita mtu na mtungi, sentimita 60 hivi, na mlango ufunguke wote. Usipoacha njia, vyungu vya nyuma hutaviona tena mpaka siku ya msiba wao.

Nyumba yenye mtoto anayetambaa, difenbachia (ule mmea wa majani mapana yenye madoa meupe) na mimea inayotoa utomvu mweupe kama maziwa iweke juu asikofika, au uigawe kwa asiye na mtoto. Utomvu wake huwasha mdomo na macho vibaya.

Hatua ya 7: Mwagilia

Sasa lile swali la langoni: mara ngapi kwa wiki? Jibu langu huwaudhi watu. Sijui, muulize chungu.

1. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Pakiwa na ubaridi na udongo ukigandia kidole, achana nacho. Pakiwa pakavu, mwagilia.
2. Chungu kidogo kiinue. Baada ya wiki mbili mkono wako utajua uzito wa kilichoshiba na wa chenye njaa, na kidole hutakihitaji tena.
3. Mwagilia asubuhi, kabla ya saa tatu. Jioni pia huwezekana wakati wa kiangazi, lakini Julai majani yakilala na maji kwenye baridi, ukungu unashika.
4. Mwagilia udongo, si majani. Toboa kifuniko cha ule mtungi wa mafuta kwa sindano ya moto, matundu 15 hivi, na kitundu kimoja karibu na mpini cha kuingiza hewa. Utapata mvua nyepesi isiyochimba udongo.
5. Endelea mpaka maji yatoke chini, kisha acha. Kikombe kimoja kila siku, ile tabia ya watu wengi, hulowesha vidole viwili vya juu na kuacha mizizi ya chini ikavu.
6. Kisahani cha chini kimwage baada ya nusu saa. Usipokimwaga, mara mbili kwa wiki hakikisha umekikausha kabisa. Mbu anahitaji maji yaliyotuama kwa wiki moja au mbili tu kutoka yai hadi kuruka, na viluwiluwi utaviona mwenyewe vikicheza humo.

Kwa wastani, kwangu mimi, safu ya mbele hunywa kila baada ya siku 2 mwezi wa Januari, na mara moja kwa wiki Julai. Safu ya nyuma, kila baada ya siku 10, na Julai huwa naisahau kwa makusudi.

Mvua isikudanganye. Baraza lenye paa halinyeshewi, na chungu chenye majani mapana humwaga mvua nje kama mwavuli. Nimeona mtu amepoteza waridi katikati ya masika kwa kiu.

Mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi, pangusa majani mapana kwa kitambaa kilicholowa. Wanaojua Kimaasai watakuambia jina la mji huu linatokana na vumbi, na jani lililofunikwa na vumbi halipati mwanga hata likiwa dirishani.

Hatua ya 8: Lisha kidogo

Tia kilo 1 ya samadi iliyooza kwenye gunia dogo, ulitumbukize kwenye ndoo ya lita 10 za maji, ufunike, ukoroge kila siku kwa wiki moja. Ukitaka kutumia, ongeza maji mpaka iwe na rangi ya turungi nyepesi. Kila baada ya wiki 3 wakati wa mvua, mimea inapokua. Wakati wa baridi, acha.

Mbolea ya mahindi, DAP na CAN, iache kwa mahindi. Konzi moja ya CAN ndani ya chungu ni sumu.

Hatua ya 9: Safari ya Desemba

Tunafunga nyumba na kwenda kwa wazazi mashambani wakati ule ule kiangazi kinapoanza. Ukirudi baada ya wiki mbili unakuta vijiti. Wiki moja kabla ya safari, fanya hivi:

1. Sogeza vyungu vyote kwenye pembe yenye kivuli kingi, vibanane.
2. Kata maua yaliyochanua na matawi yaliyozidi; yanakunywa bure.
3. Funika udongo kwa nyasi kavu, unene wa vidole viwili.
4. Kwa vyungu vya safu ya mbele, weka ndoo ya maji juu ya stuli, katikati yao. Chana fulana kuukuu ya pamba iwe kamba, iloweshe, ncha moja itumbukize hadi chini ya ndoo, nyingine izike kwenye chungu, kina cha kidole. Maji yatatembea polepole kama mafuta kwenye utambi.
5. Ijaribu kwa siku 3 ukiwa bado nyumbani. Kitambaa chembamba sana hakivuti. Kinene mno humaliza ndoo kwa usiku mmoja.

Au mpe jirani ufunguo. Lakini mwambie wazi ni vyungu vipi asiviguse. Majirani wema wameua aloe nyingi kuliko ukame.

Hatua ya 10: Punguza

Vyungu haviongezeki kwa kununua peke yake. Mmea wa buibui hudondosha watoto, jeraniamu ukikata tawi unaona huruma kulitupa, mama mmoja kwenye chama anakuletea kipandikizi kwenye gazeti lililolowa, nawe unawezaje kukataa? Sheria yangu ni ya hesabu ile ile ya Hatua ya 1. Kikiingia kimoja, kimoja kinatoka. Ninaotoa huwa wagonjwa wa miezi 3 wasiopona, na pacha: ukiwa na sansevieria 7 zinazofanana, una sansevieria 1 na vyungu 6 vya kubeba maji. Wazima wagawe. Wagonjwa waende kwenye mboji, isipokuwa wenye wadudu. Hao chimbia mbali.

(Wakati naandika haya nimevunja sheria hii mara 3.)

Mambo yakienda mrama

*Ncha za majani zimekauka, rangi ya kahawia, ilhali udongo una unyevu.* Hili ndilo swali linaloniletea watu wengi zaidi, na jibu lake ni la kwetu Bonde la Ufa. Maji mengi ya visima vya huku yana floraidi nyingi. Ndiyo inayotia madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto waliokulia maji hayo, na ndiyo sababu kuna nyumba zinazotumia vichujio vya mkaa wa mifupa. Drasena na mmea wa buibui hawaiwezi. Inapanda na maji hadi mwisho wa jani, inajikusanya pale pale nchani, na jani linakufa kuanzia hapo. Kuchemsha maji hakusaidii. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki. Hiyo mimea miwili ipe maji ya mvua peke yake. Mimi nina pipa moja ambalo hakuna anayeruhusiwa kuchota hata ya kuoshea miguu. Ncha zilizokufa hazitarudi kuwa kijani, zikate kwa mkasi kufuata umbo la jani, kisha tazama majani mapya. Yakitoka safi, ulikuwa ugonjwa huo. Yasipotoka safi, punguza mbolea.

*Majani ya chini yanageuka manjano, laini.* Maji mengi. Chomoa mmea uone mizizi. Myeupe na migumu ni mizima. Ya kahawia inayoteleza na kunuka, ikate yote, panda upya kwenye udongo mkavu kiasi, usimwagilie kwa siku 4.

*Majani ya manjano, makavu, yanadondoka.* Kiu, au chungu kimejaa mizizi.

*Namwagilia, maji yanapita pembeni na kutoka chini mara moja.* Udongo umekauka ukasinyaa na kuachana na chungu. Kitumbukize chungu chote kwenye beseni la maji. Utasikia kinabubujika. Mapovu yakikoma, kitoe.

*Utando mweupe juu ya udongo.* Chumvi za maji na mbolea. Kwangua udongo wa juu, weka mpya, kisha mwagilia maji mengi ya mvua yapite.

*Kama pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani.* Vidung'ata. Chukua pamba, chovya kwenye spiriti, wapanguse mmoja mmoja. Kitenge chungu hicho mbali. Kwenye baraza lililobanana, vidung'ata huhama kama wapangaji mwisho wa mwezi.

*Vidukari kwenye machipukizi, au utitiri na utando mwembamba chini ya majani Januari.* Kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, nyunyizia chini ya majani jioni, osha asubuhi. Rudia baada ya siku 5, mara 3. Jaribu kwanza kwenye jani moja.

*Vinzi vidogo vyeusi vinaruka ukigusa chungu.* Udongo wako haukauki kamwe. Acha sehemu ya juu ikauke.

*Ua haliungui, halinyauki, halichanui.* Jeraniamu na waridi kivulini huota majani tu. Lisogeze mbele. Kama liko juani tayari, umelipa samadi nyingi.

*Mvua ya mawe imetoboa majani.* Kata yaliyochanika vibaya, mengine yaache. Usitie mbolea kwa huruma.

*Miduara meupe kwenye sakafu nyekundu.* Ni zile chumvi tena, zimetoka na maji ya chini ya chungu. Sugua kwa brashi na maji ya sabuni kabla hazijakaa, kausha, paka nta. Asidi ya chooni usiiguse, inakula saruji na rangi pamoja. Zilizokaa mwaka mzima hazitoki. Karibu na mlango wetu kuna mbili za wakati ule sijajua habari ya matofali. Mwenye nyumba bado hajaziona, kwa sababu juu yake pana drasena mbili kubwa.